Futa Kabati

Tk-tk-tk. Kisha kimya, kama kuku aliyekuwa akidonoa bati akakumbuka jambo.

Mlio huo ulitoka kwenye kabati la mashuka, kwenye korido, na kila aliyewahi kuketi sebuleni kwa Dobi anaukumbuka. Wageni walidhani ni panya. "Panya gani?" Dobi alikuwa akijibu, kifua mbele. "Hiyo ni seva." Kabla mgeni hajauliza seva ni mdudu gani, ameshashikwa mkono, mlango umefunguliwa, na anaonyeshwa kompyuta kuukuu isiyo na kioo, imekaa juu ya taulo lililokunjwa, taa yake ya kijani ikikonyeza katikati ya mashuka yaliyopigwa pasi mpaka yakawa na kona kama vitabu.

Dobi ni dobi kweli, si jina la utani tu. Duka lake liko mtaa wa pili, na ukiingia utamsikia kabla hujamwona, maana mvuke umemmeza. Huwatambua wateja kwa kola zao. Kwa kutazama foronya tu anajua nyumba ipi ina mgeni na nyumba ipi watu wamenuniana, na hasemi. Kero yake ni moja: watu kusahau vitu mifukoni. "Mfuko si sanduku la posta!" humfokea kila anayeleta suruali.

Seva ilianza kwa sababu ya bando. Nyumbani kwao filamu ilikuwa ikikatika pale pale mwizi anapotaka kukamatwa, na kwa miaka familia ile haikuwahi kumwona mwizi hata mmoja akitiwa pingu. Siku moja mteja wake mmoja, fundi kompyuta, akamweleza: unaziweka filamu zako kwenye kompyuta yako mwenyewe, ndani ya nyumba yako, na runinga inazichota humo kupitia ruta. Intaneti hata isipokuwepo, wewe unatazama. Dobi aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyeambiwa kuna kisima uani kwake.

Wakati wa kuiwasha mara ya kwanza, programu ilimtaka aipe seva jina. Akatazama mahali ilipokaa, akaandika: Kabati. Tangu hapo, ukiwasha runinga, unaona kijipicha cha nyumba, na chini yake neno hilo.

Mkewe, mwalimu wa chekechea, ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu na Dobi naye humwita hivyo hivyo, alipinga kwanza. "Mashuka yangu yatanuka umeme," alisema. Wiki haikuisha, rimoti ikawa haimtoki mkononi.

Lakini ndani ya Kabati hamkuwa na filamu peke yake. Mlikuwa na mama.

Mama yake Dobi alikuwa amefariki wakati ambao kaka yake mkubwa, mpishi wa kambi ya machimbo huko mbali, hakuweza kuja kuzika. Mvua ilikuwa imekata barabara, na Kaka alizika kwa simu, amesimama nje ya jiko la watu na mwiko mkononi. Siku chache kabla mama hajaugua, Dobi alikuwa amemrekodi jikoni, video fupi tu, na katika video hiyo mama alikuwa akimsemesha huyo huyo Kaka. Dobi alitaka kumtumia. Kaka akakataa.

"Usinitumie. Na usinisimulie. Huku nalala na wanaume chumba kizima, nitamtazamia wapi? Nitakuja kwako nikae vizuri, nimwone."

Haikupita muda, simu ile iliyorekodi ikaingia kwenye mashine ya kufulia, ndani ya suruali ya Dobi mwenyewe. Ilitoka safi, inanukia, na imekufa. Wateja walicheka mpaka wakashika meza. Dobi alicheka nao, kwa sababu mama alikuwa ameshahamishiwa Kabati, na kuhusu kutoa nakala nyingine, alimwambia kila mtu kwamba ameshatoa. Kutoa alikuwa hajatoa. Alikuwa na nia.

Hatimaye Kaka akapata likizo. Asubuhi ya siku ya kuja kwake, Dobi alichomeka kwenye seva diski ya yule fundi, imejaa mechi za mpira, akaiamuru inakili zote, maana Kaka anapenda mpira kuliko usingizi. Akaenda kazini akipiga mluzi. Nyuma yake seva ilikula mechi, ikavimbiwa, ikasimama. Kwenye runinga likatokea tangazo: Kabati limejaa.

Mwalimu aliliona akiwa na ufagio mkononi. Muda mfupi baadaye akampigia mumewe.

"Nimeshapiga deki. Kuna nini kingine?"

"Kabati!" Dobi alipaza sauti kushinda mashine. "Futa kabati!"

Neno vumbi alilitaja, anaapa mpaka leo. Ila mashine ya kukaushia ilikuwa imeanza kuzunguka, na vumbi likamezwa humo.

"Lote?"

"Lote! Juu mpaka chini!"

"Una uhakika?"

"Mwalimu, niache, nitaunguza shati la watu!"

Adhuhuri Dobi alifunga duka, akarudi nyumbani na shati jipya. Sakafu ilikuwa inang'aa. Akapita kwenye korido, akapitisha kidole juu ya kabati, akakitazama kidole.

"Mwalimu, mbona hukufuta?"

"Nimefuta. Kazi ya dakika moja tu."

"Umefuta kwa kitu gani? Kwa macho? Vumbi hili hapa."

"Kwa rimoti," alisema Mwalimu.

Dobi alibaki ameinua kidole chake cha vumbi kama mtoto anayeomba ruhusa. Kisha akakimbilia sebuleni. Kijipicha cha nyumba kilikuwepo, na jina lilikuwepo. Alipoingia ndani akakuta mechi, na baada ya mechi, mechi.

"Ulisema futa kabati," Mwalimu alisema nyuma yake. Sauti yake ilikuwa imeanza kupungua.

"Kabati lenye milango!"

"Na hili ulilipa jina gani? Tivii inasema limejaa, wewe unasema futa, mimi nifikirie milango? Hata yenyewe iliniuliza, una uhakika? Kila faili, una uhakika, una uhakika, kama mtoto wangu wa darasani anayetaka kwenda chooni. Nikaijibu ndiyo, mume wangu kasema. Si una nakala?"

Dobi akakifuta kidole cha vumbi kwenye suruali. Mwalimu akalisoma jibu usoni pake, akaketi.

Wakampigia fundi. Sauti yake ikatoka kwenye simu iliyowekwa mezani.

"Zima seva sasa hivi. Baada ya kufuta, kuna kitu kiliingia?"

"Mechi," alisema Dobi. "Zilikuwa zinangoja nafasi."

"Nyingi?"

"Diski yako nzima."

Fundi akashusha pumzi. "Basi zimeandikwa pale pale ilipokuwa video, zimelala juu yake, mzee wangu. Nitaijaribu, lakini sikudanganyi. Hapo hakuna kitu."

"Nilimwogesha akiwa mgonjwa," Mwalimu alisema, akiitazama rimoti kana kwamba ni kisu. "Tukamzika. Na leo nimemfuta."

"Jina nililiweka mimi," Dobi alisema. "Na nakala sikutoa."

"Tumwambieje shemeji? Mwambie bando limeisha."

Licha ya yote, Dobi akacheka. "Mwezi mzima namwimbia kwamba seva yangu haijui bando!"

Mlango ukagongwa.

Kaka aliingia na begi moja na tumbo lake la upishi, akamkumbatia mdogo wake mpaka shati jipya likajikunja. Akamsalimu Mwalimu, akauliza habari za watoto, akanawa uso. Kisha akavua viatu, akaviweka sawasawa kando ya mlango kama mtu anayeingia mahali pa heshima, akaketi kwenye kochi, katikati kabisa, mbele ya runinga. Mikono juu ya magoti.

"Haya," alisema. "Chakula baadaye. Niletee mama."

Dobi alimwambia akiwa amesimama. Hakupunguza kitu. Alimweleza kuhusu vumbi na mashine ya kukaushia, simu iliyofuliwa, nakala aliyodanganya kwamba ipo. Mwalimu alisimama mlangoni pa jikoni, upande wa kanga yake ukiwa mdomoni.

Kaka aliitazama runinga.

"Mechi gani?" akauliza mwishowe.

"Nini?"

"Zilizomlalia. Mechi gani?"

"Zote, Kaka. Mpaka zile tulizofungwa."

Bega moja la Kaka likaanza kutikisika, kisha la pili. "Mama!" alisema. "Mama aliyekuwa akisimama mbele ya tivii tukitazama mpira, anakunja nguo pale pale, hasogei! Leo mpira umelipiza kisasi!" Akacheka kicheko cha jikoni, cha mtu aliyezoea kelele za sufuria, na Dobi akaanguka kochini kando yake akicheka pia, na wakafuta macho kwa mikono, na mahali fulani katikati ya kufuta huko haikuwa tena kucheka.

"Shemeji, nisamehe," alisema Mwalimu.

"Wewe ulimwogesha," alisema Kaka. "Mimi nikusamehe nini? Njoo ukae."

Mwalimu akaja, akaketi ukingoni mwa kochi.

"Sasa nisimulie," Kaka alimwambia mdogo wake.

"Ulisema nisikusimulie."

"Nilisema nikiwa kule. Sasa niko hapa."

Dobi akalikunja taulo la mgeni lililokuwa juu ya kochi, akalikunjua, akalikunja tena.

"Alikuwa anamenya viazi," alisema. "Nikamwambia, mama, sema kitu, nitampelekea Kaka. Yeye akadhani nimekupigia. Akaweka kisu, akajifuta mikono, akasogea karibu kabisa, mpaka ikawa naona pua tu. Nikamwambia, mama, narekodi tu, hayupo hewani. Akanipungia mkono, ninyamaze, nisiingilie simu ya watu."

Kaka akatabasamu. "Ndiye huyo."

"Akasema amesikia kule mnakula watu mia, na wewe ndiye unayewapikia wote. Akasema moto usikuzoee sana. Kisha akakuuliza swali, akanyamaza. Akangoja, anatazama kwenye simu, anangoja ujibu. Alingoja, Kaka, mpaka mimi ndiye niliyeshindwa, nikazima."

"Aliniuliza nini?"

Dobi akaliweka taulo chini. Akamsogelea kaka yake mpaka magoti yao yakagusana, na akaliuliza swali hilo kwa sauti ndogo sana, kama alivyoliuliza mama:

"Na wewe, umekula?"