Gari Lisilo na Klachi

Mama mkubwa, dada wa mama yangu, hutengeneza pampu za visima. Ukimkuta kazini amevaa ovaroli iliyopauka, kilemba kimekazwa kichwani, spana ya bomba iko begani. Watu humwita Mama Pampu, naye huitika bila kinyongo. Kazi hiyo aliipata kwa bahati tu. Mumewe alikuwa dereva wa mradi wa maji, na siku moja fundi wa mradi aliugua wakiwa njiani. Mama mkubwa alikuwa ndani ya gari hilo, ameomba lifti ya kwenda kumjulia hali jamaa yake mgonjwa. Akashika spana ili mradi kazi isilale, na tangu hapo hakuiachia. Mradi ulipofungwa, wao wawili wakaendelea peke yao: yeye anafungua na kufunga, baba mkubwa anaendesha.

Baba mkubwa si mtu wa majivuno, isipokuwa kwenye gia. Hapo hujisifu mpaka unaona haya kwa niaba yake. Akikuambia kwamba akibadilisha gia abiria aliyelala haamki, anasema kweli.

Kisha akapata kiharusi. Ulimi ulirudi. Mkono nao ulirudi. Mguu wa kushoto ulirudi pia, ila kwa kusuasua. Ukiambiwa inuka, unafikiri kwanza. Pikapu yao ya zamani nayo ikafa akiwa hospitalini. Alipopata nafuu, akiba yao ilitosha kununua gari lililotumika, la dizeli, linalovuta kwa magurudumu yote manne, maana visima vingi viko milimani na huko barabara ni jina tu.

Rafiki yao, fundi wa injini za dizeli, aliwapeleka kwenye yadi ya magari. Pale palikuwa na mawili ya aina moja, rangi moja, yamesimama ubavu kwa ubavu kama mapacha. Tofauti ilikuwa ndani.

"Hili lina injini kubwa, silinda sita, halina tabo," fundi alieleza. "Gia ni za mkono. Halina mambo mengi ya kuharibika. Lipakie mabomba mpaka keria ilie, litapanda polepole na litafika. Hilo la pili injini yake ni ndogo, silinda nne, lakini ina tabo, ile feni ya kuisukumia hewa, na gia zake ni otomatiki. Ni jepesi, halichoshi. Ila tabo inataka oili safi, na ukifika mwisho wa safari usizime papo hapo, iache ipumue kwanza. Na gia boksi ya otomatiki ikifa, fundi wa kuifufua utamtafuta kwa tochi."

Baba mkubwa alikuwa ameshaweka kiganja kwenye boneti ya lile kubwa. "Tusichoshane," alisema. "Ni hili."

Fundi aliliwasha likiwa la baridi. Moshi ukatoka kidogo, ukakatika. Akafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, akaweka mkono juu ya tundu, hakuona mvuke wa kumtia wasiwasi. Gari lilikuwa zima, halina deni na mtu. Wakaenda kulijaribu, baba mkubwa kwenye usukani, fundi kando yake, mama mkubwa nyuma.

Kwenye tambarare mambo yalikuwa mazuri. Nyuma ya yadi kuna mwinuko, na katikati yake lori lililokuwa mbele lilisimama. Hapo ilibidi klachi ishikiliwe. Mama mkubwa aliona goti la mumewe likitetemeka chini ya usukani. Gari likarudi nyuma, likazima. Baba mkubwa akavuta breki ya mkono. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

"Klachi yake imechoka," alisema.

Fundi aliangalia nje dirishani. Klachi ile alikuwa ameikagua dakika chache tu zilizopita. "Labda," alijibu.

Mama mkubwa aliniambia kwamba pale alikuwa na neno mdomoni, na kama angelitema, mumewe asingeshika usukani tena. Akalimeza. Waliporudi yadini alikwenda moja kwa moja kwenye lile dogo, akafungua mlango wa dereva, akakaa.

"Mimi nalitaka hili," alisema.

"Wewe?" Baba mkubwa alicheka. "Miaka yote hii nimekubembeleza ushike usukani, ukasema gia zinakuchanganya."

"Ndiyo. Hili halina klachi ya kunichanganya. Nataka kujifunza."

"Shemeji, tabo ina masharti," fundi alionya.

"Masharti yake atayasimamia huyu," alisema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Mimi na injini tumepakana tu, hatujajuana."

Baba mkubwa alilizunguka lile gari polepole. Akamwomba fundi achomoe kijiti cha oili ya gia boksi. Wakaitazama na kuinusa wote wawili: nyekundu, safi, haina harufu ya kuungua. Walilipeleka kwenye mwinuko ule ule, likasimama pale pale na kuondoka bila kurudi hata kidogo. Baba mkubwa alishuka, akalipiga teke la heshima tairi la mbele, akasema, "Haya, mama. Liwe lako."

Sasa mama mkubwa alibanwa na maneno yake mwenyewe, maana ukweli ni kwamba hakuwa na hamu yoyote ya kuendesha. Masomo yalifanyika kwenye uwanja wa mpira, asubuhi, kabla wachezaji hawajafika. Alikuwa mwanafunzi wa kutia huruma. Alitumia miguu yote miwili, mmoja ukisema twende na mwingine ukisema tukae, na kila mara wa kushoto ulipokanyaga breki, kofia ya mwalimu iliruka hadi kwenye dashibodi.

"Mguu wa kushoto uache upumzike," baba mkubwa alimwambia kwa mara isiyohesabika. "Kwenye gari hili hauna kazi."

Akautazama mguu wake mwenyewe. Kisha akaanza kucheka, kicheko kile cha tumboni ambacho mama mkubwa hakuwa amekisikia tangu hospitali.

"Umenunua gari kwa ajili ya mguu wangu," alisema.

"Nimenunua gari la kunipeleka kazini. Nilikuwa na dereva tayari, sikutaka kumtafuta mwingine."

Baba mkubwa aliokota kofia yake, akaipangusa. "Asante, mke wangu," alisema. "Sasa weka D tena, na mguu huo uvute nyuma, chini ya kiti."

Mvua zilipoanza, waliitwa kwenye shule iliyo juu ya mlima ambako pampu ilikuwa imekauka. Baba mkubwa aliendesha kwenda. Mama mkubwa alibadilisha mpira uliochakaa kwenye silinda ya pampu, maji yakatoka, watoto wakapanga ndoo. Wakiwa wanarudi, baba mkubwa alipunguza mwendo, akaegesha, akaacha injini ikinguruma.

"Vidole vimekufa ganzi," alisema. "Njoo ukae hapa."

Walibadilishana viti kwenye mvua. Mama mkubwa alikuwa hajawahi kuteremka mlima. Mumewe alimwambia aingize gia nzito ya milimani, kisha ashushe otomatiki mpaka L, gia ya chini kabisa, na asiing'ang'anie breki. Gari likateremka kwenye utelezi kwa mwendo wa mtu mzima, injini ikilizuia, na sauti ya mumewe ikiwa pembeni, tulivu: kulia kidogo, wacha, vizuri. Mama mkubwa alimfikisha hospitalini. Shinikizo la damu lilikuwa limepanda. Daktari alibadilisha dawa, akamwambia amefanya vema kusimama mapema, akamlaza siku mbili.

Tangu hapo wanapokezana. Huanza baba mkubwa, na akichoka husema, jambo ambalo zamani asingelisema hata kwa kushikiwa panga. Juzi nilipanda nao. Nilimuuliza kama hajutii lile la silinda sita.

"Lile lilikuwa gari," alisema, na macho yake yakawa mbali kidogo. "Nikiliona barabarani mpaka leo nageuza shingo." Akamtazama mama mkubwa, aliyekuwa amekaza macho kwenye matope, mikono miwili kwenye usukani. "Lakini mimi nimepewa zaidi ya gari, mwanangu. Bado nakwenda kazini na mke wangu."

"Usinisemeshe," alisema mama mkubwa. "Kuna shimo mbele."