Panya Walionyonya Ziwa Moja

Kabla ya kusimulia lililotokea, ni wajibu nieleze hali ilivyokuwa. Maabara yetu ilikuwa nyumba ya zamani upande wa Chumbageni, yenye kuta nene zilizohifadhi ubaridi hata katika miezi ya joto kali. Chumba chake cha nyuma, ambacho zamani kilikuwa ghala, ndicho tulichokifanya makazi ya panya. Hawakuwa panya wa jikoni. Walikuwa wadogo, weusi, wenye manyoya ya kung'aa, wote wa ukoo mmoja uliozalishwa kwa vizazi vingi mpaka tofauti baina yao zikafutika. Tofauti moja tu ndiyo iliyoachwa, nayo iliachwa kwa makusudi: kundi moja lilikuwa zima, na kundi la pili lilikosa jeni moja. Kwa macho hakuna aliyeweza kuwapambanua. Alama iliyotobolewa sikioni ndiyo iliyotuambia huyu ni wa wapi, na kwa utaratibu wetu mtoto alitiwa alama ya mama yake.

Watu wa nyumba ile tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa msimamizi wa utafiti. Wa pili alikuwa mwanafunzi wangu wa uzamili, binti wa Kipemba, mtoto wa wakulima wa karafuu. Wa tatu alikuwa mtunza panya, mama wa makamo kutoka Moa, ambaye chini ya mikono yake vizimba havikuwahi kunuka wala maji kukauka.

Binti yule alikuwa akichunguza jambo ambalo mimi, baada ya miaka mingi ya kulifundisha, bado hulitazama kwa mshangao. Nyuma ya mfupa wa kidari, juu ya moyo, panya ana tezi nyeupe yenye ndewe mbili, laini kama nyama ya dafu changa. Jina lake ni thaimasi. Ndani yake huingia seli changa zilizotoka kwenye uboho wa mifupa, zisizojua chochote. Kila moja hukata na kuunga vipande vya jeni zake kwa kubahatisha, na kwa bahati hiyo hujitengenezea kipokezi, mkono wake wa kushikia, ambacho pengine hakuna seli nyingine iliyonacho. Kisha hutahiniwa. Tezi huzionyesha molekuli za utambulisho za mwili wenyewe. Seli isiyoweza kuzishika kabisa haina kazi itakayoifanya duniani. Haiadhibiwi, huachwa tu bila kuitwa, nayo hufa. Seli inayozishika kwa nguvu kupita kiasi ni hatari, kwa kuwa kesho itaushambulia mwili ulioizaa. Hiyo huamriwa kujiua. Zinazosalimika ni zile zenye kushika kwa kiasi, nazo ni chache sana. Hizo ndizo seli T, walinzi wa mwili.

Utambulisho huo ni wa madaraja mawili. Seli inayoshika molekuli za daraja la kwanza hutoka kuwa seli uaji, na inayoshika za daraja la pili hutoka kuwa seli saidizi. Panya wetu wa kundi la pili walikosa jeni inayojenga daraja la pili. Kwa hiyo seli saidizi hazikuwa na wa kuzipokea katika mtihani, nazo zilipaswa kukosekana. Hilo lilikwisha kujulikana na wengine. Kazi ya binti ilikuwa kulithibitisha kwanza mbele ya macho yake, kisha kulijengea swali lake mwenyewe juu yake. Bila msingi huo hakukuwa na tasnifu. Chuo kilikwisha kumwongezea muda, na kilimwambia waziwazi kwamba hakitamwongezea tena.

Siku ya kipimo alitoa tezi za panya wachanga wa kundi la pili, akazisaga polepole katika wavu, akazitia rangi, akazipitisha katika mashine inayozisoma seli moja moja kwa mwanga. Kila seli hutokea kwenye kioo kama nukta, na kioo kimegawanywa pembe nne. Pembe ya seli saidizi ilipaswa kuwa karibu tupu. Ilijaa.

Nimewaona watafiti wengi katika saa kama ile. Wapo wanaoilaumu mashine, na wapo wanaorudia kipimo mpaka kiseme wanachotaka. Binti huyu aliweka glavu mezani, akasema, "Maalim, ama elimu imekosea, ama hawa si panya ninaodhani."

"Unaanza na lipi?"

"Na la rahisi. Elimu nitaikosoa nikishapata shahada."

Akatafuta molekuli ya daraja la pili yenyewe juu ya seli za panya wale, akaikuta. Maadamu walikuwa nayo, jeni waliipata kwa mzazi mmoja angalau, na mama zao tuliwajua. Jambo lilibaki kwa baba. Akaenda chumba cha nyuma, nami nikamfuata.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana? Hujala?"

"Nimekula. Hawa wadogo, baba yao nani?"

"Yule mwenye mkia uliokatika ncha."

"Wa kundi la wazima?"

"Huyo huyo. Mpole, hana choyo cha chakula, hamng'ati mkewe. Mume gani mwingine mnamtaka?"

"Tulikubaliana majike wa kizimba cha kwanza, mama za hawa wadogo, wapewe madume wa kizimba cha pili, wa kundi lao hilohilo."

"Tulikubaliana kabla mama wa majike hao hajafa," akajibu, akiendelea kubadilisha pumba za mbao chini ya vizimba. "Aliwaacha hata macho hawajafumbua. Ningewatazama wakifa? Nikawapeleka kizimba cha pili, kwa yule mwenye maziwa mengi, akawanyonyesha pamoja na wanawe. Sasa hao wamenyonya ziwa moja. Tangu lini kaka akamwoa dada yake? Au ndivyo mnavyofanya Pemba?"

"Pemba tunauliza kwanza."

"Basi ungeuliza."

Msomaji asiyetoka pwani huenda akadhani mama yule alifanya mzaha. Hakufanya. Tangu siku ya kwanza alikataa kuwapandisha ndugu wa tumbo moja, ingawa wafugaji wa panya wa maabara hufanya hivyo kila siku, nami nilimkubalia kwa kuwa tulikuwa na akina binamu wa kutosha, na binamu hakumkwaza. Kunyonyesha mtoto wa mwingine kwetu ni hisani kubwa, na hisani hiyo hufunga undugu: anayeharamika kwa damu huharamika vilevile kwa maziwa. Kila aliyekaa chuo cha Kurani miaka miwili anaijua kanuni hiyo. Mama yule aliitumia sawasawa, hatua kwa hatua, pasipo kuruka hata moja, katika mahali ambapo hakuna aliyewahi kufikiri kuitumia.

Nikaona ni zamu yangu kusema. Nikamweleza kwa adabu kwamba hukumu za halali na haramu humwelekea aliyebaleghe na mwenye akili, na kwamba mnyama hayumo.

"Hilo nalijua, maalim. Nimesoma chuo mimi. Panya hana dhambi. Lakini panya hajiozi; mimi ndiye ninayemtia kizimbani na mwenziwe nikafunga mlango. Nami nimebaleghe zamani, na akili ninayo. Au maalim ana shaka?"

"Sina."

"Alhamdulillahi."

Hadi leo naihesabu hoja ile miongoni mwa hoja safi nilizowahi kupewa. Binti akajaribu mlango mwingine. "Na hawa vijana wa sasa, tukiwapa majike wa kizimba cha pili? Nusu ya watoto watakaozaliwa watanifaa."

Mama hakusita hata kidogo. "Hao ni mama zao wadogo kwa ziwa."

Binti akacheka, akaegemea ukuta. "Bi mkubwa, mirathi ni nyepesi kuliko panya wako."

Lakini hali haikuwa ya kuchekesha. Panya halisi wa kundi la pili waliobaki ni wale wa vizimba viwili tu, walionyonya pamoja. Kuwapima wao wenyewe hakukufaa, kwa kuwa thaimasi hunywea kadiri mnyama anavyokua, na kuwaua kungelifuta kundi hilo lote. Ilibidi wazae, tena wazae upesi.

Ningeweza kutoa amri. Binti ndiye aliyenizuia, kwa jicho tu. Akavaa glavu mpya, akasema, "Basi nitawatia mimi."

Mama akamtazama. "Mkono wako, hesabu yako."

"Mkono wangu, hesabu yangu. Na watoto wakizaliwa?"

"Watoto wana kosa gani? Nitawalea kama nilivyowalea wenzao."

Binti akawatia kizimbani majike na madume walionyonya pamoja. Mama aligeuka akashughulika na chupa za maji mpaka mlango ulipofungwa, kisha akaja akakitazama kizimba, akasogeza karatasi laini za kutengenezea tundu karibu na jike, akaondoka. Majike waliposhika mimba aliwaongezea mbegu za alizeti, na siku ya kuzaa alitukataza kuingia kwa viatu vya kelele. Nami nikaagiza panya weupe wanyonyeshaji, ili panya mama akifa siku nyingine wanawe wapelekwe kwa mgeni wa rangi tofauti, wasichanganyike na wengine machoni petu wala wasiwe ndugu zao machoni pa mtunza panya. Shauri hilo lilikuwa la binti. Mama alipolisikia alisema, "Sasa mnafikiri."

Mara kadhaa nimeshawishika kulinganisha yaliyotokea chumba cha nyuma na yanayotokea ndani ya tezi, maana kote wawili hupimwa wasiwe mbali mno wala karibu mno. Mlinganisho haukamiliki. Katika thaimasi seli inayokataliwa haina wa kuitetea, na hakuna anayeulizwa sababu. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba nilishuhudia wanawake wawili, kila mmoja akiwa thabiti katika elimu yake, wakipishana katika mlango mwembamba pasipo mmoja kumsukuma mwenzake.

Watoto walizaliwa wazima. Walipofikia umri unaofaa binti alizipima tezi zao: pembe ya seli uaji ilijaa kama kawaida, na pembe ya seli saidizi ilikuwa karibu tupu. Aliwasilisha tasnifu yake ndani ya muda, akaitetea, akafaulu.