Maandishi Yaliyosomwa na Roboti Peke Yake

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwa wanne ofisini: Bwana Mkurugenzi, aliyekuwa akiongea kwa simu huku amesimama; Meneja wa Ufundi, Bi. Wambui; fundi wa tovuti aliyeitwa Mutua, mwenye kikombe cha bati kisicho na mkono; na mimi, Ndunge, nikiwa nimevaa sketi ya kuazima.

Ofisi, ya kampuni ya kutengeneza tovuti, ilikuwa mtaa wa Hurlingham, juu ya duka la dawa. Kabla ya hapo nilikuwa nikiwapigia watu chapa barua zao katika chumba kidogo katikati ya jiji. Shule niliiacha kidato cha pili, wazazi wetu walipofariki wakifuatana, nikabaki na wadogo zangu wanne. Kufikia mwaka huo watatu walishajitegemea. Kioko, kitinda mimba, alikuwa kidato cha tatu, na hakuwa na mtu mwingine ila mimi.

"Unajua fremu?" Bi. Wambui aliniuliza.

"Za picha, madam."

Mutua alicheka hadi chai ikamwagika. "Huyu mniachie," akasema. "Hana kitu ya kusahau."

Vijana wa leo hawajaziona fremu. Ukurasa wa tovuti uligawanywa kama vyumba: menyu kushoto, jina la biashara juu, habari kulia, na kila chumba kilikuwa na faili lake. Ukurasa mkuu uliovishikilia vyumba hivyo haukuwa na habari yoyote. Ulikuwa na maagizo tu ya faili lipi likae wapi. Mtu aliona tovuti nzuri. Lakini roboti, yaani programu ambayo mitambo ya kutafuta habari mtandaoni huituma kusoma tovuti, ilifungua ukurasa mkuu, ikakuta patupu, ikaondoka. Mwenye biashara alibaki nyuma kabisa katika majibu, mahali ambapo hakuna anayefika.

Dawa yake ilikuwa sehemu iliyoitwa noframes, ndani ya msimbo, yaani maandishi ya maagizo, ya ukurasa mkuu. Iliwekwa kwa ajili ya vivinjari vya zamani visivyoweza kuonyesha fremu, na wengi waliijaza sentensi moja ya kuomba radhi. Sisi tuliandika humo maelezo kamili ya biashara, na viungo vya kwenda kila ukurasa wa ndani. Roboti ilikuta maneno. Mtu wa kawaida hakuona kitu.

Ukurasa wa ndani ukipatikana peke yake, bila menyu yake, mafundi waliuita yatima. Mutua aligundua upesi kwamba neno hilo silipendi. Tangu hapo, mbele yangu, alisema tu, "Huu umepotea njia," kisha akanionyesha msimbo mfupi wa kuurudisha ndani ya fremu zake.

Alikuwa na sharti moja. Maandishi ya noframes yasomwe kwa sauti mbele ya mwenzako kabla ya kupandishwa kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti. "Hii kitu hakuna mtu ataiona tena," alisema. "Ukikosea, ni roboti tu inajua, na roboti haina mdomo." Tuliliita kusomeana.

Mwaka wangu wa pili alikuja Mama Nyambura, mjane aliyekuwa na nyumba ya wageni Spring Valley. Tovuti yake ilikuwa ya fremu na haikuonekana popote. Bi. Wambui alitaka kazi ipandishwe kabla ya saa sita. Mutua alikuwa Upper Hill kwa mteja mwingine. Kama kawaida, nilinakili maandishi ya mteja wa awali ili niyabadilishe. Huyo naye alikuwa na nyumba ya wageni, huko huko Upper Hill, kwa watu waliokuja kuuguza jamaa zao hospitalini. Nilibadilisha jina la juu. Simu ikalia, nikaipokea, nikarudi, nikapandisha. Sikumsomea mtu.

Wiki chache baadaye Mama Nyambura aliingia na karatasi mkononi. Hakuketi.

"Mgeni amenipigia kutoka ng'ambo," alisema. "Ananiuliza kama wagonjwa wanalala kwangu. Nikamwambia, wagonjwa gani? Ndipo akanitumia hii."

Ilikuwa nakala ya majibu ya mtambo wa kutafuta. Jina lilikuwa lake. Chini yake yalifuata maneno yangu: vyumba vya bei nafuu kwa wanaouguza, hatua chache kutoka hospitali.

"Hospitali iko wapi Spring Valley, nyinyi watoto? Vyumba vyangu ni vitupu, na kumbe mmenifanya wodi!"

Bwana Mkurugenzi alitoka ofisini mwake. Aliisoma karatasi mara mbili.

"Nani aliandika hii kitu?"

Akilini nilimwona Kioko na sanduku lake la shule, amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

"Ni mimi," Mutua akasema kutoka mezani pake.

"Wewe? Na hiyo sheria yako ya kusomeana?"

"Nilikuwa na haraka, bosi."

"Basi haraka hiyo ikupeleke nyumbani. Leo."

Nilimfuata hadi kwenye ngazi. Alikuwa na kikombe chake kwenye mfuko wa koti.

"Mutua, nitarudi niwaambie."

"Uwaambie ndio tufutwe wawili? Wewe una Kioko. Mimi nina bisibisi, nitakula popote. Rudi urekebishe hiyo kazi, Ndunge. Na usome kwa sauti."

Nilirekebisha alasiri hiyo hiyo na kumsomea Bi. Wambui neno kwa neno. Lakini siku hizo roboti haikuitwa, ilikuja ilipotaka. Mama Nyambura alitupa muda hadi mwisho wa mwezi. Kila asubuhi nilifungua kumbukumbu za seva, orodha ya kila anayegusa tovuti, nikatafuta nyayo za roboti. Siku kumi hakuna. Siku ya kumi na moja nilizikuta. Siku chache baadaye majibu yakabadilika: nyumba tulivu yenye bustani, Spring Valley. Mama Nyambura alipata wageni, na mimi nikapewa meza ya Mutua.

Nimekaa katika kazi hii hadi nywele zimegeuka mvi. Fremu zilikufa zamani. Kioko ni mwalimu. Siku ya kuniaga nilipostaafu, Bwana Mkurugenzi, sasa mzee wa fimbo, alisimama akasema niliiokoa kampuni baada ya uzembe wa Mutua. Nilisimama kabla hajaketi. Nikasema kosa lilikuwa langu. Mtu akazima muziki. Lakini Mutua hakuwepo kunisikia.

Nimemtafuta kwa kila ujuzi nilio nao. Akina Mutua ni wengi, na hakuna aliye yeye. Kwa hiyo nimeandika haya kwenye ukurasa wa wazi, mtu na roboti wasome sawasawa. Mutua wa Hurlingham, mwenye kikombe cha bati kisicho na mkono: nimeyasoma haya kwa sauti mbele ya Kioko kabla ya kuyapandisha. Bado sijakusomea wewe.