Askari wa Ufunguo wa Pikipiki

Mniwie radhi nikisimulia kisa hiki vibaya, maana hata sasa natafuta pa kuficha uso. Pale mtaani Mwiki, fundi aliunganisha laptopu na pikipiki ya bodaboda, aibadilishie programu ya injini ili isikohoe ikipanda mlima.

“Mtu asiguse ufunguo,” akaonya. “Ikizimwa kabla nimalize, haitawaka tena.”

Mwenye pikipiki akashika kichwa. “Ngai, Mungu wangu, fundi! Hiyo ndiyo unga ya watoto wangu.”

“Tulia, kijana,” nikajipiga kifua. “Leo mimi ndiye askari.”

Nikafukuza wapita njia, nikakemea hata kuku. Watu wakazidi kusongea. Basi, ili asiwepo wa kuugusa, nikauchomoa ufunguo nikautia mfukoni.

Laptopu ikalia. Aliyenguruma wa kwanza, “Nani amezima?” ni mimi.