Kioo Kiligeuka, Kalamu Ikabaki

Mwaka 1993 basi lilipinduka karibu na Misungwi, na Leonsia akatoka humo bila mkono wa kushoto, umekatika chini kidogo ya kiwiko. Alikuwa mpiga taipu wa ushirika wa pamba, mmoja wa wale ambao vidole vyao hukimbia bila kutazamwa. Miezi mitatu baadaye ushirika ukaanza kupunguza watu, na jina lake likawa la kwanza kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni. Hakushangaa. Nani angembakiza mpiga taipu wa mkono mmoja?

Alirudi kwa mama yake, Annet, huko Kiseke. Mume wa Leonsia alikwenda Geita kutafuta dhahabu, hakurudi wala hakuandika barua. Kwa muda mrefu Leonsia alilala tu, uso ukutani. Aliyemtoa kitandani ni Sista Dorotea wa parokia, aliyemkalisha mbele ya kompyuta ya ofisi na kumwambia aandike vyeti vya ubatizo. Kidole kwa kidole akajifunza amri za mashine, na namna ya kupanga amri kadhaa katika faili moja ili mashine izitekeleze mfululizo.

Ndiyo maana mwaka 1997, mradi mmoja wa utafiti ulipotafuta mtu wa kuorodhesha samaki wanaoshushwa mwaloni, ufukwe wa wavuvi huko Kamanga ng'ambo ya ziwa, Sista alimpeleka. Mashine ya kazi ilikuwa ngeni kwa wote: kompyuta bapa kama sinia, unaandika juu ya kioo chake kwa kalamu maalumu. Leonsia alipoiona, moyo ulimruka. Kazi ya kalamu ni kazi ya mkono mmoja!

Furaha hiyo haikumaliza siku. Mashine ilitengenezwa ilazwe kwa upana juu ya mkono wa kushoto, kiganja kikishika ukingo. Yeye alikuwa na kigutu. Kila alipoinama kuandika, iliteleza. Siku ya tatu ilichomoka kabisa, na mvuvi aitwaye Mayala akaidaka ikiwa imebakiza shubiri moja kufika majini.

Ijumaa msimamizi wa mradi, Bwana Rutashobya, alimwita pembeni.

"Leonsia, sina ubaya na wewe. Lakini mashine hii ikizama, mimi ndiye nitakayejibu. Jumatatu nakuja mwenyewe. Ukiandika mitumbwi ishirini bila tatizo, unabaki. La sivyo, kazi anachukua karani mwingine, Shimba."

"Nimekuelewa, bosi."

Jumamosi, mashine ikiwa nyumbani kwake, aligundua jambo. Akiisimamisha mashine wima, upande mfupi ukikaa kiunoni, mkanda shingoni na kigutu kikiibana ubavuni, ilitulia. Ila maandishi yalilala kando, na shingo ilimuuma kuyasoma. Akafungua kitabu cha maelekezo, kamusi ya Kiingereza pembeni, akakuta amri ya kugeuza kioo. Akachomeka kibodi iliyokuja na mashine, akaichapa amri hiyo. Maandishi yakasimama wima.

Akagusa kioo kwa kalamu. Akigusa juu, alama ilitokea kulia. Akivuta mstari kwenda kulia, ulishuka chini. Hata vitufe vya mishale vilivyo pembeni mwa kioo vilikuwa vimepotea: cha juu kilimpeleka kulia. Kioo kilikuwa kimegeuka, lakini kalamu na vitufe havikuwa na habari.

Jumapili baada ya misa aliandika faili lake: geuza kioo, geuza kalamu, geuza vitufe. Alipoliendesha, mashine iliganda. Akazima, akawasha, akabadilisha herufi hii na ile. Ikaganda tena. Umeme ulikuwa wa mgao, Kiseke wangeupata kesho yake, na taa ya betri ilikuwa imeanza kuwaka nyekundu. Mara ya tano ilipoganda, aliketi sakafuni jikoni.

"Mama, heri basi lile lingenimaliza."

Annet aliacha kumenya ndizi. "Usiseme hivyo nyumbani kwangu," alisema. "Nilikulisha kwa kijiko mwaka mzima ili uje kuniambia hivyo?"

Leonsia alilia hadi kigutu kikaanza kuuma, kama kilivyouma kila alipolia. Kisha akakivuta tena kitabu, si kwa matumaini, bali kwa kuwa hakuwa na kingine cha kushika. Ukurasa ule ule alioupita mara nne ulikuwa na sentensi fupi chini: kalamu huchukua vipimo vya kioo wakati inapowashwa. Akaisoma mara mbili. Yeye alikuwa akigeuza kioo kalamu ikiwa macho, na vipimo vya zamani kichwani.

Akaandika upya. Kwanza zima kalamu. Kisha geuza kioo. Kisha washa kalamu kwa pembe ile ile. Vitufe mwisho. Akabonyeza, akafumba macho. Alipoyafumbua, aligusa juu, na alama ikatokea juu. Aliandika neno moja, "sangara," kisha akaizima haraka kabla betri haijakata.

Jumatatu alipitia ofisi ya parokia kuichaji, kisha akavuka kwenda Kamanga kwa kivuko cha asubuhi. Rutashobya alisimama nyuma yake, mikono kifuani, hadi mtumbwi wa ishirini na mmoja. Ndipo akaichukua mashine, akajaribu kalamu.

"Nani alikugeuzia hii?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi, bosi. Nikitaka irudi kama zamani, nina faili lingine."

Rutashobya akamrudishia mashine. "Wiki hii utaniwekea faili hilo na kwenye mashine nyingine tatu. Kuna karani anatumia mkono wa kushoto, analalamika kila siku."

Leonsia aliandika samaki Kamanga miezi kumi na minne, mpaka mradi ulipofungwa na mashine zikarudishwa zilikotoka. Siku ya kuikabidhi yake, mtunza stoo alimuuliza kama kuna chochote cha kufuta ndani. Alisema hapana, faili lake likabaki ndani, akasaini, akateremka kwenda kusubiri kivuko.