Kodi ya Nyumba na Jina Langu Kubwa

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wengine: ni mimi niliyeikosesha shule yetu madarasa manne, na sikuikosesha kwa wizi wala kwa siasa, niliikosesha kwa burashi, kwa sababu nilitaka jina langu lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara.

Mimi ni mchora vibao. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nikifanyia kazi mlangoni pa chumba changu, pale mtaa wa Kongo, Kawangware, na nilipenda hivyo kwa sababu mimi ni mtu wa nyumbani, ukinikuta hata Gatina, hapo jirani tu, ujue nimeishiwa na rangi au na majani ya chai. Kila kibao cha kinyozi na cha bucha upande wetu kilitoka kwangu, hata yule ng'ombe anayecheka kana kwamba hajui yuko kwenye mlango wa bucha. Tena nilikuwa na Form Four (msicheke), na katika Kiswahili nilipata alama nzuri, somo moja tu, na hilo moja ndilo lililoniponza.

Binti yangu Mwende alikuwa darasa la pili, zamu ya mchana, kwa kuwa asubuhi chumba kilikuwa cha darasa la tatu, na kila siku alibeba gazeti la kukalia maana madawati yalikuwa ya waliofika kwanza na sakafu ilikuwa vumbi tupu. Akirudi jioni wino umehamia kwenye sketi, nikitaka matokeo ya mpira ninamwambia ageuke.

Basi Jumatano moja akaja Mzee Wekesa, fundi viatu, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, ameshika barua ya Kiingereza kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya. Akanieleza. Kulikuwa na mpango wa kuwaongezea wenye ploti, malandlodi wetu, ile reti wanayolipa jiji kila mwaka, na nyongeza ijenge madarasa manne katika shule yetu. Diwani angekuja Jumamosi saa nane uwanjani kuhesabu mikono. Mikono ikiwa mingi, anaupeleka mpango mbele. Ikiwa michache, wenye ploti watasema hata wananchi wenyewe hawataki, na mambo yaishe hapo.

"Sasa andika kibao kikubwa watu wakuje," akasema. "Na uandike vile iko: reti."

"Mzee, reti si Kiswahili," nikamwambia, kwa ile sauti ya mtu aliyesoma.

"Na mimi si wa Kiswahili, mimi ni wa Bungoma. Andika reti."

Angalieni sasa. Mtu mzima ameniambia neno moja, la herufi nne, lingetosha popote. Lakini mimi nikafikiri, wapangaji hawalipi reti, wataijuaje, afadhali niwape Kiswahili sanifu, na Kiswahili sanifu cha mambo hayo ni kodi. Nikapanga sentensi yangu vizuri kichwani: KODI YA NYUMBA WANAYOLIPA LANDLODI KWA JIJI ITAPANDISHWA KUJENGA SHULE. Hapo hakuna mtu angekosea.

Shida ni kwamba mimi nikichora huanza na jina langu, chini kabisa, ili nisije nikalibana. Na kwa kuwa kibao hiki kingesimama kwenye njia panda, nikaona hii ndiyo nafasi, nikaliandika kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi: MUSYOKA SAINS, KONGO, MLANGO WA BULUU. Ndipo nikaanza juu na maneno ya shule, herufi nene za kupendeza, na nilipofika mstari wa pili nikaona ubao unaisha na sentensi bado. Nikasimama hapo na burashi ikidondosha rangi kwenye kiatu. Ama nifute jina, ama niache maneno manne. Nikajiambia, lakini kila mtu si anajua ni landlodi anayelipa? Nikaacha maneno manne.

Kibao kikasimama hivi: KODI YA NYUMBA ITAPANDISHWA KUJENGA SHULE. NJOO JUMAMOSI SAA NANE UUNGE MKONO.

Mzee Wekesa alikuja kukichukua akiwa ameacha miwani kibandani kwake. "Umeandika vile nilikuambia?" Nikamjibu, "Hata safi zaidi." (Neno hilo "zaidi" huwa linanirudia nikioga.)

Alhamisi asubuhi kikapigiliwa njia panda. Adhuhuri hivi, nikiwa mlangoni ninamtia ng'ombe mwingine meno, nikamwona landlodi wetu, Baba Njoki, anakuja na mkono ameshaunyosha. Miaka sita sikuwahi kushikwa mkono na mtu huyo.

"Msanii! Asante sana."

"Ya nini, Baba Njoki?"

"Ya kunitangazia. Mimi nimekuwa nikiogopa kuongeza pesa ya nyumba, watu wapige kelele. Sasa si serikali imesema? Kuanzia mwezi ujao, kila mlango."

"Hiyo si serikali, hiyo ni mimi!"

"Na wewe pia," akasema, akigonga mlango wangu wa buluu kwa kidole. "Kila mlango."

Kabla rangi ya meno haijakauka, akatokea jirani yangu Mama Akinyi, muuza omena, mama asiyejua kunong'ona tangu azaliwe. "Baba Mwende! Ni wewe umetuuza?" Nikaanza kumweleza kwamba kodi niliyomaanisha ni ile nyingine, ya ardhi, ya jiji, siyo hii yetu. Akanisikiliza mpaka mwisho, amejishika kiuno. "Kodi ni ile ya nyumba," akasema. "Ingine ni gani? Mimi nimewahi kulipa gani?" Jioni akampelekea habari dada yake kule Kisumu Ndogo, Kibera, ambako hata ardhi yenyewe ni ya serikali na hakuna mtu analipa reti ya kitu chochote, na hao nao wakakasirika.

Sasa mtaniuliza, Ijumaa ulikuwa wapi? Rangi nilikuwa nayo, burashi nilikuwa nayo, miguu nilikuwa nayo. Nilitoka hadi kona, nikaona watu wamekizunguka kibao, mmoja anawasomea wengine kwa sauti, na anaposoma jina langu anatema mate. Mimi si mtu wa umati. Nikarudi nyumbani nikachemsha chai.

Jumamosi uwanja ulijaa kuliko tulivyoomba. Mzee Wekesa, maskini, alikuwa akitabasamu, alidhani ni kazi ya kibao (na kwa kweli ilikuwa kazi ya kibao). Madawati machache ya shule yalikuwa yametolewa nje ili wenye ploti wakae. Diwani akasimama, akasema kwa ufupi maana jua lilikuwa kali: "Wananchi, hii kodi mnasemaje?"

"HATUTAKI!"

Wenye ploti wakageuka kutazama nyuma, wakatazamana, halafu wakaanza kupiga makofi. Mjue walikuwa wamejiandaa kubishana na sisi mchana kutwa. Mzee Wekesa akainuka kueleza, "Jameni, hii ni reti, si ya nyumba," lakini mtu akapiga kelele kuwa ni kibaraka wa malandlodi, mzee ambaye mwenyewe alikuwa mpangaji wa chumba kinachovuja, na sauti yake ikamezwa.

"Wanaounga mkono, inua mikono," diwani akasema.

Mikono mitatu. Wa hedimasta, wa Mzee Wekesa, na huu wangu, ambao niliuinua nusu, usawa wa sikio, kama mtu anayejikuna.

"Ndio huyo! Ndio Musyoka Sains!"

Nikasukumwa mbele. Nikaona Mama Akinyi, nikaona watoto wamepanda kwenye madirisha ya madarasa yasiyo na vioo, nikasema leo nitaokoa jambo hili hata nikifa kwa aibu. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti niliyokuwa nimeificha maisha yangu yote: "Watu wangu, msikasirike! Kodi ziko mbili!"

Kisha mama mmoja huko nyuma akapiga nduru.

"Mbili? Kumbe kuna ingine!"

Sikumaliza. Andazi la kwanza lilinipata shingoni, la pili sikulisubiri, nikapita katikati ya wenye ploti (Baba Njoki akanifungulia njia kwa heshima), nikaruka ua wa shule na kuacha kiatu kimoja, kile chenye rangi. Nyuma nilimsikia diwani akisema wananchi wameongea, mlango wa gari lake ukafungwa, na madarasa manne yakaondoka naye.

Mnadhani angalau kodi ya nyumba haikuongezwa? Jumatatu wapangaji walimwendea Baba Njoki kumkumbusha kwamba kodi ilikataliwa mbele ya diwani. "Ile mlikataa ni ya shule," akawajibu. "Hii ni yangu."

Mzee Wekesa hakunigombeza, hata nilipowaeleza yeye na majirani yale maneno manne niliyoyaacha kwa ajili ya jina. Ningefurahi angenigombeza. Aling'oa kibao, akakipeleka shuleni, kikapigiliwa kwenye dirisha la darasa la pili kuzuia upepo, maandishi yakiwa ndani. Wiki ile Mwende akarudi na sketi yake ya magazeti, anaruka kwa furaha. "Baba, leo mwalimu ametusomesha jina lako! Mimi ndio nilijua kulisoma peke yangu!"

Sikulala vizuri. Kesho yake niliweka nadhiri kwamba sitaandika tena neno kodi kwenye kitu chochote, na kwamba nikiambiwa andika reti, nitaandika reti, na nikaenda shuleni kabla zamu ya mchana haijaingia, na chupa ya tapentaini na kitambaa. Nilikuwa nimefuta MUSYOKA nusu, magoti yakiwa kwenye vumbi lile watoto wanalokalia, nikasikia mtu amesimama mlangoni. Mama Akinyi, amemleta Akinyi, gazeti kwapani. Akatazama kibao, akatazama kitambaa, akanitazama mimi.

"Leo ndio unafuta jina? Ungefuta siku ile, watoto wangekuwa na darasa."