Miezi Saba ya Jengo la Sayansi

Mama Pétronille alilijua jengo la sayansi kabla halijawa jengo. Mawe ya msingi yalitoka mtoni, chini ya kilima, na yeye alikuwa mmoja wa wanawake wa Nyabiondo, kijiji chetu cha Kivu, walioyapandisha mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Jengo lilipokamilika, taasisi yetu ikampa kazi ya kulifagia na kutunza funguo. Wanafunzi walimtania kwamba anawajua vyura wa maabara kuliko maprofesa, naye alicheka, maana ilikuwa kweli.

Kisha vita vikapanda kilima. Sisi walimu tulikimbilia mji wa Sake, mimi nikiwa wa mbele kabisa. Pétronille alibaki, akafungua milango, na familia kumi na moja zikaingia. Zililala kati ya meza za kemia kwa miezi saba. Binti yake Bibiche, mwenye miaka minne, alifia humo kwa homa. Walimzika nyuma ya ukuta, na mama yake akapanda maua juu yake.

Tulirudi vita vilipotulia, na mwaka huu taasisi ilitaka kuongeza vyumba upande huohuo wa nyuma. Wafadhili wakaomba historia ya jengo, na katibu wetu, mzee tuliyemwita Papa Barthélemy, akaketi kuiandika. Pétronille alimwendea na ufagio mkononi, akihofia wachimbaji wangelipitia kaburi la mwanawe.

"Papa, andika kama tulilalaka humu. Andika kama Bibiche iko nyuma ya ukuta, benye kuchimba bapite pembeni."

"Mama, hii njo historia ya jengo. Haiko ya bantu," alisema, kana kwamba jengo lilijijenga bila watu.

"Na ile mawe, ni nani aliletaka?"

"Tutaona, Mama."

Tutaona! Kwetu hiyo ndiyo njia ya adabu ya kumfungia mtu mlango usoni. Nilikuwa kwenye meza ya pili ofisini humo, nikasikia yote. Mkataba wangu ulikuwa unasubiri sahihi ya Barthélemy, kwa hiyo nikainamia karatasi zangu kama mwoga nilivyo.

Siku ya sherehe ya kuzindua ujenzi huo wageni walikaa chini ya turubai wakinywa soda. Barthélemy akasoma kwa sauti nzuri, akafika kwenye vita.

"Kwa miezi saba," akasoma, "jengo lilikuwa tupu."

Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, Mungu anisamehe. Pétronille alikuwa amesimama mlangoni, akimtazama msomaji, na msomaji hakuinua macho.

Asubuhi iliyofuata, kabla wachimbaji hawajafika, nilikuwa napanda kilima pamoja na Barthélemy tulipokutana na Pétronille akiteremka. Jembe lake lilikuwa na udongo mbichi. Mgongoni alikuwa na mzigo mdogo uliofungwa vizuri ndani ya kitenge, na kamba ileile kwenye paji la uso. Nilielewa mara moja, nikampisha njia.

Barthélemy hakuelewa. "Mama, unabeba nini ya mu jengo yetu?"

"Hakuna kitu, Papa," alijibu bila kusimama. "Jengo ilikuwa tupu."